Kupiga Picha za Ndege Wawindao katika Mbuga Tambarare

Mbuga za nyasi fupi zilizoko kusini mwa Serengeti zina miti michache mno. Tai, vipanga na tumbusi hutua juu ya vilima vya mawe au juu ya migunga iliyotawanyika, na kwa hiyo huonekana toka mbali. Lakini kumwona ndege si kumkaribia. Mtu atembeaye kwa miguu huwashtua upesi; gari lililozimwa injini huwashtua kidogo tu. Gari, basi, ndilo kibanda cha mpiga picha, nalo halipaswi kuiacha njia.

Umbali huo una gharama. Ukubwa wa taswira hupatikana kwa kuzidisha ukubwa wa ndege kwa urefu wa fokasi ya lenzi, kisha kugawanya kwa umbali. Chukua tai aitwaye kitaalamu Polemaetus bellicosus, ambaye mabawa yake yakinyooshwa hufikia kama mita 2. Kwa lenzi ya milimita 400, kutoka mita 50, taswira yake huwa na upana wa milimita 16, yaani karibu nusu ya filamu ya milimita 36. Kutoka mita 100 ni milimita 8 tu.

Wengi hudhani dawa ni lenzi ndefu zaidi. Sivyo. Ardhi ikishapata joto, hewa iliyo juu yake huchemka, miale ya nuru hupindwa huku na huku, na lenzi ndefu hukuza mtikisiko huo pamoja na ndege. Picha njema hupigwa asubuhi mapema. Tena saa hizo ndege wakubwa bado wametua, kwa kuwa mikondo ya hewa moto inayowapandisha angani haijaanza.

Ndege huruka akiuelekea upepo. Upepo ukivuma kutoka mashariki, gari lisimamishwe upande huo: jua litakuwa nyuma ya mpiga picha, na ndege atamjia. Akiinama mbele na kunya, yu tayari kuruka. Anayekwenda mita 15 kwa sekunde husogea milimita 15 katika sehemu ya elfu moja ya sekunde. Hivyo kamera na imfuate. Kipima-mwanga nacho hudanganywa na weupe wa anga, na asiyeongeza mwanga atapata kivuli cheusi.

Kivuli hakimfai mtafiti. Katika Terathopius ecaudatus, tai mwenye mkia mfupi, dume hutambuliwa kwa ukingo mpana mweusi nyuma ya bawa, na jike kwa ukingo mwembamba. Mapengo ya manyoya yanayopukutika humtofautisha ndege mmoja na mwenzake kwa majuma kadhaa. Kumbukumbu za namna hii zimekuwa na thamani kubwa tangu mwaka 2015, aina kadhaa za tumbusi wa Afrika zilipotangazwa kuwa katika hatari kubwa mno ya kutoweka, hasa kwa sababu ya mizoga inayotiwa sumu.

Kiota ni jambo jingine. Mzazi akisimama na kukaza macho, gari lirudishwe nyuma kabla hajaruka, kwani kifaranga asiyeota manyoya hawezi kustahimili jua la mchana bila kivuli cha mzazi wake.