Umenyanyua Gari, Sasa Usukani Haukusikii

Haya wadogo zangu, sogeeni. Leo tunaacha mambo ya mawifi na michango ya harusi, tunaingia gereji. Kuna mdogo wangu wa Arusha ana Land Cruiser series 80. Kainyanyua inchi 2 kwa springi mpya na shokapu ndefu, akaivalisha na tairi nene. Gari limependeza, makorongo linayapita bila kugusa tumbo. Shida inaanza akishika lami ya kwenda Namanga: linatangatanga barabarani kama halina mwenyewe, akimaliza kona usukani haurudi wenyewe, na hata likienda moja kwa moja usukani umekaa upande. Kalirudisha kwa aliyelifunga, kajibiwa, "Dada, litazoea tu."

Mdogo wangu, gari halizoei. Springi mpya zinaweza kushuka kidogo baada ya wiki chache, basi. Pembe zilizobadilika siku ile ya kunyanyua zitabaki hivyohivyo mpaka mtu azirekebishe kwa mkono.

Angalia uma wa mbele wa baiskeli ulivyolala kuelekea kwa mwendeshaji. Ulalo ule ndio unaoifanya baiskeli ijinyooshe yenyewe, hata mtoto akiachia mikono kwa mbwembwe. Gari nalo lina ulalo wake kwenye magurudumu ya mbele, na mafundi wanaojua wanauita kasta. Kwenye series 80 ni kama digrii 3 tu. Sasa, ekseli ya mbele ya gari hilo imeshikwa na mikono miwili inayotoka nyuma kwenye chesisi. Ukinyanyua chesisi, mikono inainama, na ekseli inajizungusha kidogo pamoja nayo. Kwa hesabu ya gereji, kila inchi moja unayopanda inakula karibu digrii moja ya kasta. Wewe umepanda inchi 2, kwa hiyo umebakiwa na kama digrii moja, na ukiongeza tairi nene usukani unakuwa mwepesi wa ajabu kwenye mwendo, kila upepo wa lori unakusukuma. Nissan Patrol Y61 na Suzuki Jimny zina mpangilio wa jamaa hiyo hiyo, na wenye nazo wanalia kilio hicho hicho.

Najua utasema umeshafanya alaimenti. Nakuamini. Lakini alaimenti nyingi za haraka zinagusa kitu kimoja tu, yaani tairi za mbele zinaelekea wapi, zimefungana ndani au zimefunguka nje. Kwenye gari la ekseli nzima hicho ndicho kitu ambacho kunyanyua hakukivurugi sana. Kasta ya gari hilo haina bolti ya kiwandani ya kuirekebishia, kwa hiyo aliyekuchaji hakuigusa, hata kama alikuwa na mashine ya kisasa na viti vya ngozi vya wateja kusubiria.

Dawa ni bushi za kurekebisha kasta. Tundu lake halikutobolewa katikati, limesogezwa pembeni, na zinafungwa kwenye ile mikono, upande unaoshika ekseli. Kwa inchi 2 zinatosha. Ukipanda inchi 4 usidanganywe na bushi, hapo unahitaji mikono iliyotengenezwa upya au vishikio vya kuiteremsha kutoka kwenye chesisi. Na zina upande! Zikifungwa kinyume, zinakula hata ile kasta kidogo iliyobaki, na gari linatoka gereji baya kuliko lilivyoingia. Zikishafungwa, kama unasikia mtetemo kwenye sakafu na kiti badala ya usukani, hasa ukikanyaga mafuta na kuachia, angalia propela ya mbele. Ukiizungusha ekseli kurudisha kasta unaigeuza na difu pia, na series 80 nyingi huzungusha propela hiyo muda wote.

Kuna jambo moja dogo mafundi wa haraka wanaliruka kila siku. Bolti za mikono hiyo, na za bushi zote za mpira, zinakazwa mwisho gari likiwa limekaa chini kwa uzito wake. Zikikazwa gari likiwa juu ya stendi, mpira unabanwa katika mkao usio wake, na likiteremka unabaki umejikunja muda wote. Gari linakaa kwa ukaidi, na bushi mpya zinapasuka kabla hujamaliza kulipa deni.

Twende kwenye usukani uliokaa upande. Ukinyanyua gari, ile fimbo inayotoka stelingi boksi kwenda kwenye gurudumu, yaani dregi linki, inalala kwa mteremko mkali zaidi. Ni kama imefupishwa, hivyo inageuza tairi kidogo, nawe unalazimika kugeuza usukani ili gari liende sawa. Marekebisho yanafanyika kwenye fimbo hiyo hiyo, kwa kuongeza au kupunguza urefu wake. Fundi akitaka kuchomoa usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka, mzuie hapo hapo. Stelingi boksi ina katikati yake, mahali ambapo meno yamebana zaidi. Ukigeuza usukani peke yake, utakuwa unaendesha moja kwa moja huku boksi likiwa pembeni mwa katikati yake, kwenye sehemu iliyolegea, na gari litakata kona zaidi upande mmoja kuliko mwingine.

Halafu chukua futi ya fundi cherehani, pima kutoka ukingo wa tairi mpaka ukingo wa bodi, kushoto na kulia. Vipimo vikitofautiana, ekseli nzima imevutwa upande mmoja. Kinachoivuta ni panadi, ile fimbo ndefu iliyoshikwa kwenye chesisi upande mmoja na kwenye ekseli upande wa pili. Tofauti ya milimita chache unaweza kuishi nayo. Ikiwa kubwa, nunua panadi inayorefushwa na kufupishwa. Ila usikubali ncha moja ya panadi ishushwe peke yake bila kufikiria dregi linki, kwa sababu fimbo hizo mbili zinatakiwa zilale sambamba. Zikiachana, kila tuta usukani unajigeuza wenyewe mkononi, na nchi hii matuta tunayo ya kugawa bure.

Sasa lile linalotisha. Unakwenda kilomita 60 au 80 kwa saa, unagonga kashimo, ghafla usukani unatetemeka kushoto kulia kwa nguvu mpaka unadhani tairi linachomoka. Likikukuta, achia mafuta, shika usukani imara bila kushindana nao, punguza mwendo taratibu, toka barabarani. Usikanyage breki ghafla. Wenye Jimny mnanielewa.

Hapo ndipo fundi atakuletea shokapu ya stelingi mpya, nene, yenye rangi nzuri, na mtetemo utapungua kweli. Mimi siipendi tiba hiyo. Shokapu hiyo inauficha ugonjwa tu, na ugonjwa uko kwenye kitu kilicholegea: bushi za panadi, tairodi, kingipini, au tairi ambazo hazikufanyiwa balansi. Kunyanyua gari na kuweka tairi nzito hakukuanzisha ulegevu huo wote, mwingine ulikuwepo zamani umelala, tairi nzito zimeuamsha.

Kuutafuta hakuhitaji mashine. Gari liwe chini, handibreki juu, tairi za nyuma zimewekewa mawe, injini inawaka. Mtu mmoja ageuze usukani robo mzunguko kushoto na kulia bila kuacha, wewe chuchumaa pembeni uangalie kila kiungo. Kinachochelewa kufuata, au kinachopiga tik, ndicho chenyewe. Kisha zima injini, nyanyua gurudumu moja kwa jeki, weka stendi, shika tairi juu na chini ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzio akanyage breki. Mchezo ukiisha, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni kingipini. Fundi akikuona unafanya hivyo hatakuambia tena "mwambie shemeji aje." Mtajadili bei kwa heshima.

Wenye Hilux mpya, Fortuner na Prado, yenu ni tofauti kidogo, kwa sababu mbele hamna ekseli nzima, kila gurudumu linajitegemea. Kwenu kunyanyua kunavuruga vyote kwa pamoja: kasta, uelekeo wa tairi, na tairi kusimama wima. Alaimenti ni lazima siku hiyo hiyo, kabla tairi hazijaanza kuliwa upande mmoja. Ukizidi inchi 2 hivi, marekebisho ya kiwandani huwa yanaishiwa, na unahitaji mikono ya juu ya kununua. Chungulia na mpira wa CV, maana sasa unafanya kazi kwenye pembe kali zaidi na ukichanika grisi inamwagika.

Usukani ukiwa mzito badala ya mwepesi, anza na vitu rahisi: upepo wa tairi, mafuta ya stelingi, na kama umeweka rimu zilizotokeza nje au spesa. Tairi likisogea nje linaupiga usukani kwa nguvu zaidi kwenye kila jiwe. Rimu pana ni urembo unaolipiwa na mikono yako.

Mkiwa chini ya gari, angalieni pia mipira ya breki isiwe imevutika mkigeuza usukani mpaka mwisho. Na magari mengi ya kazi ya Toyota yana kivalvu cha breki za nyuma kinachosoma uzito wa mzigo kwa urefu wa springi. Ukiinua nyuma, kinadhani gari ni tupu, kinapunguza breki za nyuma. Kishikio chake kinatakiwa kirekebishwe kufuata kimo kipya.

Mdogo wangu wa Arusha, fanya hivi. Rudi kwa fundi yule bila ugomvi, umwombe karatasi ya alaimenti yenye kasta ya kushoto na kulia, imeandikwa kwa digrii. Ikiwa iko kama digrii moja, umepata jibu, afunge bushi za kasta, anyooshe usukani kwenye dregi linki, kisha mpime tena. Pesa iliyobaki mpe baada ya kuendesha naye kwenye lami, yeye akiwa amekaa kiti cha abiria. Asipotaka karatasi wala safari, chukua ufunguo wako, tafuta fundi mwingine.