Presha ya Kushuka kwa Mama Mjamzito

Mara nyingi tunawasikia kina mama wajawazito wakisema, "Mimi nina presha ya kushuka." Ukimwuliza mama amepimwa lini, anajibu, "Sijapimwa, ila nasikia kizunguzungu." Katika somo la leo tutazungumza juu ya jambo hili. Tutaeleza presha ni nini, kwa nini hushuka wakati wa mimba, na mama afanye nini ili aishi nayo bila taabu. Tutaeleza pia kwamba siyo kila kizunguzungu ni presha ya kushuka. Hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote, maana kukosea hapo kunaweza kumpoteza mama.

Presha ni nini?

Moyo husukuma damu kwenye mishipa usiku na mchana. Damu ikisukumwa, inabana kuta za mishipa. Nguvu ya kubana huko ndiyo tunayoiita presha. Vitabuni huitwa shinikizo la damu. Kila mtu aliye hai ana presha. Kwa hiyo mtu akisema, "Fulani ana presha," bado hajatuambia kitu. Iko juu? Iko chini? Kiasi gani?

Kiasi hakijulikani kwa kumtazama mtu usoni. Lazima kupima. Mhudumu humfunga mama mkanda juu ya kiwiko, akaujaza upepo, halafu akauachia upepo utoke polepole. Kupima kwa mkanda wa namna hii siyo jambo la jana. Daktari mmoja wa Italia, Scipione Riva-Rocci, alionyesha mkanda wake mwaka 1896.

Kipimo hutoa namba mbili. Kwenye kadi ya kliniki huandikwa hivi: 110/70. Namba ya kwanza ni nguvu ya damu wakati moyo unaposukuma. Namba ya pili ni nguvu ya damu wakati moyo unapopumzika kabla ya kusukuma tena. Sisi tuliojifunza kusoma na kuhesabu hatuna sababu ya kuifunga kadi kwenye khanga bila kuitazama. Namba zile ni zetu.

Presha ikiwa chini ya 90/60 huitwa ya kushuka. Kwa mama mjamzito, ikifika 140/90 au zaidi, hiyo ni ya kupanda. Ziandike namba hizi nyuma ya daftari lako.

Kwa nini hushuka wakati wa mimba?

Hapa pana jambo la kushangaza. Mama akiwa mjamzito, damu yake inaongezeka, haipungui. Mama aliyekuwa na lita 4 za damu anaweza kufikisha karibu lita 6 miezi ya mwisho. Sasa mbona presha inashuka?

Chukua mfano wa mfereji wa kumwagilia shamba. Maji yakiwa yale yale, lakini ukaupanua mfereji, kina cha maji kinashuka. Mwilini mwa mama mjamzito ndivyo inavyokuwa. Mishipa yake inalegea na kupanuka ili damu nyingi ifike kwenye mfuko wa uzazi, imlishe mtoto. Mishipa inapanuka mapema, damu inaongezeka polepole. Kwa hiyo presha huanza kushuka tangu miezi ya kwanza. Huwa chini zaidi katikati ya mimba, kama mwezi wa tano hivi. Halafu hupanda tena taratibu, na miezi ya mwisho inakaribia kuwa kama ilivyokuwa kabla ya mimba.

Ndiyo kusema kushuka kidogo ni kazi ya kawaida ya mwili. Mama ambaye presha yake ni 98/60, anakula, anafanya kazi zake na mtoto anacheza tumboni, huyo hana ugonjwa. Kwa kawaida hapewi dawa ya kupandisha presha. Na asichukue dawa ya presha ya mtu mwingine, hata ya mama yake mzazi. Nyingi za dawa hizo ni za kushusha, na baadhi yake humdhuru mtoto aliye tumboni.

Kinachosumbua ni kizunguzungu. Mama ameinama anapalilia. Anasimama ghafla, macho yanaingia giza, masikio yanavuma, magoti yanalegea. Damu ilikuwa imeelekea miguuni na haijawahi kufika kichwani. Kwa kawaida haidumu. Lakini akianguka na ndoo ya maji kichwani, au akiangukia jiko la mafiga lenye sufuria ya ugali, hapo madhara ni makubwa kuliko presha yenyewe.

Namna ya kuishi nayo

Dawa ya kwanza ni kutoinuka kwa haraka. Asubuhi, kabla ya kutoka kitandani, geuka ubavu, kaa kwanza ukining'iniza miguu, chezesha vidole na vifundo vya miguu, kisha ndipo usimame. Shambani nako ni hivyo hivyo. Ukitaka kunyooka baada ya kupalilia, piga goti kwanza, pumua, halafu inuka.

Dawa ya pili ni maji. Usingoje kiu. Nenda shambani na chupa au kibuyu chako cha maji safi, unywe kidogo kidogo. Siku ya jua kali, au ukiwa unatapika au unaharisha, mwili unahitaji maji mengi zaidi. Kina mama wengi hujizuia kunywa maji kwa sababu wanaona taabu kwenda haja ndogo kila mara. Tunawaelewa, hasa pale choo kilipo mbali. Lakini kukaa na kiu kunazidisha kizunguzungu, na haja ndogo ya kila mara ni kawaida ya mimba.

Chakula nacho kigawe. Badala ya kula mlo mmoja mkubwa mchana na mwingine usiku, kula kidogo mara nyingi. Kunywa uji asubuhi kabla ya kazi. Kumshindisha mama mjamzito na njaa mpaka saa nane mchana, ati amalize kwanza shamba, siyo haki. Kina baba, hapo tunasema nanyi.

Kusimama mahali pamoja kwa muda mrefu ni kubaya pia. Kwenye foleni ya mashine ya kusaga au ya bomba la maji, mama akae. Kama hapana pa kukaa, achezeshe miguu, apige hatua mbili tatu. Na wenzake wakimpisha mbele watakuwa wamefanya jambo la maana, hata kama hajaomba.

Sasa tuzungumzie kulala. Kuanzia mwezi wa tano hivi, mfuko wa uzazi umekuwa mzito. Mama akilala chali, uzito ule unakandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Moyo unakosa damu ya kutosha ya kusukuma. Presha inashuka ghafla, mama anatoka jasho, anasikia kichefuchefu, anaona kama anakata roho. Wengine wamedhani wamerogwa, kumbe ni mshipa umekandamizwa tu. Akigeuka ubavu, hali ile inatulia baada ya muda mfupi. Kwa hiyo lala kwa ubavu. Ubavu wa kushoto ndio bora, lakini hata wa kulia siyo vibaya. Ukishtuka usiku ukajikuta chali, usiogope, geuka tu.

Mama akizimia, msimzunguke kundi zima. Mlazeni chini kwa ubavu wa kushoto, mlegezeeni khanga iliyombana, mpepeeni. Msimtie maji wala kitu chochote mdomoni kabla hajazinduka vizuri. Asipozinduka baada ya dakika moja au mbili, au akitupa mikono na miguu kama mwenye kifafa, mpelekeni hospitali hapo hapo. Hata akizinduka vizuri, apelekwe kupimwa siku ile ile.

Habari ya chumvi

Tuseme mwali anamwambia mama mkwe wake, "Mama, kichwa kinanizunguka." Mama mkwe anajibu, "Pole mwanangu. Presha imeshuka hiyo. Lamba chumvi kidogo, halafu unywe soda." Anasema kwa upendo. Lakini amejuaje kwamba imeshuka?

Kizunguzungu siyo jina la ugonjwa. Ni kama moshi. Ukiuona moshi hujui kama ni mtu anapika au ni nyumba inaungua mpaka usogee utazame. Presha ya kupanda nayo inaweza kuleta kizunguzungu na kuumwa kichwa. Hiyo ndiyo inayoweza kugeuka kuwa kifafa cha mimba, na kifafa cha mimba kinaua mama na mtoto. Mama wa namna hiyo, kila akilamba chumvi na kukaa nyumbani, anapoteza saa ambazo zingemwokoa. Chumvi ya kwenye mboga inatosha. Asiongezewe nyingine kwa kubahatisha.

Kuna upungufu wa damu pia. Watu wengi huuchanganya na presha ya kushuka, lakini ni vitu viwili. Presha ni nguvu ya damu mishipani. Upungufu wa damu ni kukosa wekundu wa kutosha katika damu. Mama anaweza kuwa na presha ya 110/70, nzuri kabisa, na bado damu yake ni pungufu. Huyo huchoka upesi, moyo humwenda mbio akipanda kilima kidogo, na viganja vyake na ndani ya kope huwa vyeupe. Kipimo chake ni tone la damu. Wekundu ukiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, mama mjamzito huhesabiwa kuwa amepungukiwa.

Malaria na minyoo hupunguza damu. Ndiyo maana kliniki hutoa vidonge vya kuongeza damu, na dawa ya minyoo baada ya miezi mitatu ya kwanza. Penye malaria nyingi hutoa pia dawa ya kuikinga na chandarua. Vidonge vile vya damu vinaweza kufanya choo kiwe cheusi na tumbo lisumbuke kidogo. Usivitupe kwa sababu hiyo. Vimeze pamoja na maji, siyo na chai, maana chai huzuia madini ya chuma yasiingie vizuri mwilini. Dagaa, maharage, nyama, matembele na mchicha vinasaidia, hasa ukila na chungwa au pera. Udongo wa pemba hauongezi damu. Unaweza kuzuia chuma hicho hicho, na mara nyingine huwa na vijidudu.

Tena kuna kizunguzungu cha kutoka damu. Hiki hakingoji kesho. Katika miezi ya mwanzo, mimba inaweza kuwa imetunga nje ya mfuko wa uzazi. Mama huumwa chini ya tumbo, mara nyingi upande mmoja, huweza kutoka damu kidogo tu kwa nje, bega linaweza kuuma, anazimia. Damu nyingi inamwagika ndani ambako hamuioni. Miezi ya mwisho, kondo la nyuma likibanduka kabla ya wakati, damu inaweza kujificha vile vile, na tumbo huwa gumu. Mama anayepoteza damu hutoka jasho la baridi, anasikia kiu, mapigo ya moyo yanakwenda mbio. Presha yake inaweza kuchelewa kushuka. Ikishashuka, ujue damu nyingi imekwisha kupotea. Hapo pasiwe na habari ya chumvi wala soda. Tafuteni gari, pikipiki, baiskeli au machela, mama afike hospitali.

Tuisome kadi

Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2016, linashauri mama mjamzito aonane na mhudumu angalau mara 8, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki 12. Faida ya kuanza mapema ni kwamba namba zako za kawaida zinajulikana. Namba moja peke yake haisemi mengi. Tazama zinavyofuatana.

Mama wa kwanza, kadi yake inasema hivi: mwezi wa tatu 106/66, mwezi wa tano 98/60, mwezi wa nane 108/70. Imeshuka katikati, ikapanda tena. Hii ndiyo njia ya kawaida.

Mama wa pili: mwezi wa tatu 100/64, mwezi wa tano 96/60, mwezi wa nane 144/94. Huyu alizoea kusema, "Mimi ni wa presha ya kushuka." Sasa kichwa kinamuuma sana na macho yanaona ukungu, naye bado anatafuta chumvi. Kadi inasema presha imepanda. Aende hospitali leo.

Ukipimwa, mwombe mhudumu akutajie namba. Sema tu, "Nesi, naomba unisomee presha yangu, na ya mwezi uliopita ilikuwa ngapi?" Siyo ujeuri kuuliza.

Zoezi

Mama wa tatu ana mimba ya miezi minane. Kadi yake inasema mwezi wa tatu 118/74, mwezi wa sita 112/70. Leo ameletwa zahanati, presha ni 84/50. Jasho la baridi linamtoka, mapigo ya moyo ni 124 kwa dakika, tumbo ni gumu na linauma. Hakuna damu inayoonekana. Jirani yake anasema, "Ni presha ya kushuka tu, apumzike, atarudi kesho." Je, jirani amesema kweli?

Jibu: Hapana. Presha yake imeshuka kweli, lakini siyo ile ya mimba ya kawaida. Anaweza kuwa anatoka damu ndani. Alazwe kwa ubavu, afunikwe asipate baridi, apelekwe mara moja kwenye hospitali yenye damu ya kuongezea na chumba cha upasuaji, na ndugu wawili watatu wafuatane naye ili wakihitajiwa wajitolee damu.