SOMO LA JUMA: URANI YA TINDIKALI NA URANI YA MAGADI

Ripoti ya mgodi ikisema tani moja ya mawe ina gramu 300 za urani, mwekezaji asikimbilie kuzidisha kiasi hicho kwa bei ya soko. Aulize kwanza: urani hiyo imo ndani ya madini gani, na imezungukwa na nini?

Tuchukue migodi miwili ya mkoa wa Erongo, Namibia.

Rössing, ulioanza kuzalisha mwaka 1976, huchimba miamba migumu ya jamii ya granaiti. Sehemu kubwa ya urani yake imo katika uraninaiti. Madini hayo hayayeyuki vema kwa tindikali ya salfuriki peke yake. Ni lazima urani ioksidishwe kwa msaada wa chuma na manganizi. Sehemu ndogo imo katika betafaiti, ambayo huyeyuka kwa shida. Urani hiyo huonekana katika vipimo vya maabara, lakini nyingi haifiki kwenye mapipa ya kuuzia.

Langer Heinrich ni kinyume chake. Urani yake imo katika karnotaiti na imekwisha kuoksidishwa, hivyo huyeyuka kwa urahisi. Tatizo ni chokaa iliyoizunguka. Fanya hesabu: tani ya mawe yenye chokaa asilimia 10 ina kilo 100 za chokaa, nazo humeza kilo 98 za tindikali bila faida yoyote. Kwa hiyo mgodi huo hutumia magadi, ambayo hayapotei kwenye chokaa. Lakini magadi huhitaji joto, na joto ni gharama. Tena karnotaiti ina vanadi, ambayo huyeyuka pamoja na urani na hubidi kutenganishwa.

Mgodi huo ulifunguliwa mwaka 2007, ukasimamishwa mwaka 2018 bei ilipokuwa chini, ukarudi kazini mwaka 2024.

Kwa Tanzania, urani ya Mto Mkuju, Namtumbo, imo katika mawe ya mchanga. Miradi ya namna hiyo isilinganishwe na mingine kwa gramu pekee. Kabla ya kununua hisa, tafuta majibu matatu: asilimia ngapi ya urani hutoka kwenye mawe, kila tani hutumia kilo ngapi za tindikali au magadi, na dawa hizo husafirishwa kutoka wapi.