Vidonge vya Maumivu Kabla ya Mashindano

SWALI: Daktari, mimi ni mwanamume wa miaka 43, mtumishi wa serikali, mkazi wa Tanga. Mwezi uliopita nilishiriki triathloni fupi kwa mara ya kwanza: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20 na kukimbia kilomita 5. Rafiki yangu aliyenitangulia katika michezo hii alinishauri nimeze diklofenaki mbili asubuhi ili goti lisinisumbue, na moja tena nikishuka kwenye baiskeli. Baharini kifua kilinibana kidogo, na nilipotoka majini nilipata kizunguzungu. Nilimaliza, ila nilitapika njiani, na jioni ile hata kesho yake mkojo ulikuwa mchache na mweusi kama kahawa. Siku ya tatu yote yakaisha. Nataka kushiriki tena. Je, nilikosea saa ya kumeza? Nimeze usiku wa kuamkia mashindano ili dawa ipate kuenea mwilini?

JIBU: Bwana, pokea hongera zangu, kwa maana mtu wa umri wako aliyeinuka katika kiti cha ofisi akajifunza kuogelea katika bahari iliyo wazi, akaendesha baiskeli chini ya jua la Tanga, kisha akakimbia, ametenda jambo la sifa ambalo siha yake yapaswa kuzidi kwalo, wala si kupungua. Lakini swali lako limenitia huzuni, nalo si geni kwangu. Huulizwa na wakimbiaji, na vijana wa kandanda, na wachukuzi wa bandarini, na aghalabu huulizwa kwa namna ile ile uliyoliuliza, yaani kwa kudhani kwamba dawa hiyo ni ya lazima na kwamba lililobaki ni kuijua saa yake. Hakuna saa ya kuimeza, si usiku, si alfajiri, wala si katikati ya safari. Na mkojo ule uliouona ulikuwa sababu tosha ya kwenda hospitali jioni ile ile, bila ya kungoja kupambazuke.

Dhana yenyewe naijua vizuri. Mtu huambiwa kwamba maumivu ni adui anayevizia njiani, na kwamba mwenye busara humtangulia kwa kidonge, kama vile avaavyo kofia kabla ya kutoka juani; basi vidonge vya kutuliza maumivu vikaacha kuwa dawa ya mgonjwa, vikawa sehemu ya kifungua kinywa cha mtu mzima mwenye afya. Na namna vinavyouzwa huzidi kuithibitisha dhana hiyo. Mnunuzi hufika dukani, hutaja jina la dawa kana kwamba anataja sukari, na muuzaji huchukua mkasi akakata vidonge vinne kutoka katika ukanda wa kumi, akavitia katika bahasha ndogo ya kaki na kuandika juu yake kwa kalamu ‘moja mara tatu’. Tarehe ya mwisho wa matumizi imebaki katika kipande kilichorudi kwenye kabati, na karatasi ya maelezo, ambayo ndani yake mna onyo la figo, na la tumbo, na la moyo, imebaki katika boksi. Mnunuzi ameondoka na dawa, na hadhari zote zimebaki dukani.

Sitakuchosha kwa kukueleza umbo la figo, kwani hutalihitaji barabarani. Yatosha ujue kwamba mtu anapojitahidi sana katika joto, damu yake huelekezwa katika misuli na ngozi, na figo hupata kidogo. Ndipo mwili hutengeneza kemikali maalumu za kuiacha wazi mishipa ya figo ili damu hiyo kidogo iendelee kupita. Dawa za jamii ya diklofenaki, na ibuprofeni, na asprini, na nyingi nyingine ziuzwazo kwa majina ya kupendeza, hutuliza maumivu kwa kuzuia kemikali hizo hizo. Kwa hiyo mtu aliyezimeza asubuhi ya mashindano ameiondolea figo yake msaada saa ile ile iliyouhitaji zaidi. Na akitokwa na jasho jingi na kutapika, kama ilivyokuwa kwako, madhara huzidishwa. Fauka ya hayo, misuli iliyochoshwa kupita kiasi huvunjika na kumwaga uchafu wake katika damu, na uchafu huo hupitia kwenye figo. Mkojo mweusi baada ya juhudi kubwa mara nyingi ndiyo ishara yake.

Si maneno ya kukutisha. Mwaka 2017 matabibu wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi waliowafanyia wakimbiaji 89 katika mbio za masafa marefu za kiasi cha kilomita 80, ambamo baadhi walipewa ibuprofeni na wengine kidonge kitupu kisicho na dawa, bila ya mkimbiaji kujua amepewa kipi. Walioonekana kuwa na dalili za kuumia figo walikuwa asilimia 52 katika waliopewa dawa, na asilimia 34 katika waliopewa kidonge kitupu. Zitazame hesabu hizo mara mbili: hata wale wasiomeza dawa figo zao zilitaabika kwa ukubwa wa safari, na dawa ikaongeza taabu juu ya taabu. Safari yako ilikuwa fupi kuliko yao, nakiri, na figo nyingi hupona zikipumzishwa. Lakini wewe ulimeza vidonge vitatu katika asubuhi moja, ukatapika, ukakojoa kahawa, kisha ukakaa nyumbani kungoja yaishe.

Wala si figo peke yake. Tumbo nalo hupungukiwa na damu wakati wa mbio, na dawa hizi hukwangua utando wake. Wako watu walioingia katika mashindano na kidonda kidogo wasichokijua wakatoka wakitapika damu. Ama moyo, mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Ulaya iliamua kwamba diklofenaki isitumiwe kabisa na watu wenye maradhi ya moyo au ya mishipa ya damu, wala na waliowahi kupata kiharusi. Nawe, bwana, katika barua yako yote hukutaja hata mara moja kwamba presha yako imewahi kupimwa. Kwa anayetumia dawa za presha, hasa zile za kuongeza mkojo, kuchanganya na vidonge hivi ni hatari maradufu, na yampasa amwulize tabibu wake hata kwa maumivu ya jino. Huenda utaniambia kwamba utahamia parasetamoli. Hiyo haiidhuru figo kwa njia hii, ni kweli, lakini ikizidishwa huua ini, na kosa la kunyamazisha maumivu yasiyojulikana asili yake litakuwa limebaki palepale.

Hebu turudi kwenye goti lako, kwa sababu ndilo lililokuwa likisema kweli tangu mwanzo. Goti linalouma upande wa mbele kwa mwendesha baiskeli mgeni mara nyingi linalalamikia kiti kilicho chini mno. Keti juu ya baiskeli, mwenzio akikushikia, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu wapaswa kunyooka, ukiwa umekunjika, pandisha kiti. Nimewaona watu waliotumia vidonge miezi kwa miezi ilhali dawa yao ilikuwa spana ya fundi baiskeli. Sababu ya pili ni haraka, yaani mtu kutoka kilomita 2 hadi 8 katika wiki moja kwa kuwa tarehe ya mashindano imekaribia. Jipe miezi mitatu, ongeza kidogo kidogo, na siku ya mapumziko ihesabu kuwa ni siku ya mazoezi. Lakini maumivu yaliyokaa mahali pamoja unapoweza kupaonyesha kwa ncha ya kidole, yanayozidi ukikimbia na kukuamsha usiku, yaweza kuwa ufa mwembamba wa mfupa. Na kigimbi kimoja kilichovimba, kikapata joto, huenda kina damu iliyoganda ndani yake. Usimruhusu mtu yeyote kukichua kwa mafuta, awe bingwa wa kuchua kiasi gani. Hayo ni mambo ya hospitali, na ni ya siku hiyo hiyo.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wewe umelitaja kwa maneno machache, nami nimelisoma kwa hofu kuliko yote: kifua kubana baharini. Mwaka huo huo wa 2017 ulichapishwa uchunguzi wa vifo na visa vya moyo kusimama ghafla katika triathloni za Marekani tangu mwaka 1985 hadi 2016. Visa vilikuwa 135, na 90 kati yake vilitokea katika kuogelea, sehemu iliyo fupi kuliko zote; zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa wanaume, na hatari ilizidi kwa wanaume waliopita miaka 40. Hatari yenyewe ni ndogo, haifiki watu 2 katika kila washiriki 100,000, wala sitaki mtu yeyote auache mchezo kwa ajili yake. Lakini hesabu hiyo ni ya washiriki wote kwa jumla. Wewe si jumla, wewe ni mtu mmoja ambaye kifua chake kimekwisha kubana mara moja. Yamkini ilikuwa ni pumzi iliyokatika kwa woga wa mawimbi na kupigana vikumbo na waogeleaji wengine, jambo linalowapata wengi katika dakika za mwanzo. Yamkini pia ni moyo. Mimi siwezi kukupambanulia kwa njia ya gazeti, na rafiki yako aliyekupa vidonge hawezi, na wewe mwenyewe huwezi. Madhali umesema unataka kushiriki tena, nakukataza kuogelea baharini, na kukimbia, na kufanya juhudi yoyote kubwa, mpaka upimwe.

Baada ya kupimwa na kupewa ruhusa, bahari ijifunze taratibu. Watu wa pwani hawahitaji kufundishwa habari za maji kupwa na kujaa, lakini nimeshangaa kuwaona waogeleaji wakipanga mazoezi kwa kutazama saa ya mkononi tu, wakisahau kwamba wakati wa bamvua maji ya kwetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 na mkondo wake humchukua hata mwenye nguvu. Usiogelee peke yako. Siku ya mashindano ingia majini mapema, uzamishe uso, utoe pumzi ndani ya maji mara kadhaa mpaka moyo utulie, kisha ujipange nyuma na pembeni, uwaache wenye haraka watangulie. Pumzi ikikatika, geuka chali, inua mkono, ushike mtumbwi wa walinzi. Kanuni za mchezo zinaruhusu kupumzika hapo maadamu haukusogezi mbele. Na kifua kikibana, hapo safari imekwisha, tena kwa heshima kamili.

Kuhusu kula na kunywa sina mengi. Kula ulichokizoea, uji au mkate na ndizi, saa mbili au tatu kabla. Kunywa ukiwa na kiu. Usijaze tumbo maji kwa kuogopa kukauka, kwani maji yakizidi, chumvi ya damu huchujuka, na vidonge ulivyovimeza huuzuia mwili usiyatoe yaliyozidi. Dafu ni zuri, ila chumvi yake ya kawaida ni chache. Baada ya jasho jingi linywe pamoja na chakula chenye chumvi. Na katika mazoezi ya wiki, mara moja shuka kwenye baiskeli ukimbie hapo hapo japo dakika kumi, upate kuzoea ule uzito wa miguu ambao wageni wengi huudhania kuwa ni maradhi.

Sasa sikiliza agizo langu. Wiki hii, wala si baada ya mshahara, nenda hospitali ya mkoa au kituo cha afya chenye maabara. Omba upimwe presha, na mkojo, na damu kwa ajili ya kriatinini inayoonyesha kazi ya figo, na umwambie tabibu kwamba kifua kilikubana, ili upimwe umeme wa moyo. Iwapo mzazi wako au ndugu yako wa tumbo moja alifariki ghafla hali angali kijana, mweleze na hilo, hata asipokuuliza. Usiseme kwamba umepona kwa sababu siku ya tatu mkojo ulirudi rangi yake. Figo iliyoumia yaweza kukaa kimya muda mrefu na mwenyewe asijue. Chukua na ile bahasha ya kaki kama bado ipo, na utaje idadi ya vidonge na saa ulizomeza, bila ya kuona haya, kwani tabibu hawezi kuhesabu asichoambiwa. Na kama rafiki yako humeza vidonge hivyo kila mashindano, kama nidhaniavyo, basi nenda naye. Yeye amevimeza miaka mingi kuliko wewe, na figo zake zina haki ya kupimwa siku hiyo hiyo.