ELIMU KWA WANANCHI: CHOMBO CHA UMEME NACHO NI CHOMBO CHA MOTO

Wapo wananchi wanaodhani kwamba chombo kisichotia petroli, kisichotoa moshi wala kunguruma, hakimo katika hesabu ya vyombo vya moto, na kwa hiyo hakihitaji namba. Dhana hiyo si sahihi, na madhara yake hudhihirika siku ya ajali.

Neno "moto" lisimpotoshe mtu. Kwa mujibu wa Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, linaloangaliwa si chakula cha chombo, bali mambo mawili: kwamba kinajiendesha kwa nguvu ya mashine, na kwamba kinatumika barabarani.

Tuchukue mfano wa Barabara ya Bagamoyo, jijini Dar es Salaam. Kigari cha gofu kinachozunguka juu ya majani katika kiwanja cha Lugalo kimo uwanjani mwake. Kikitoka langoni na kushika njia ya Tegeta, hukumu yake hubadilika, kwani hapo kinachanganyika na mabasi, pamoja na malori ya saruji ya Wazo. Ama bajaji ya umeme inayochukua abiria Tegeta Kibaoni, hiyo kazi yake yote ni barabarani, haina udhuru.

Wala mwendo mdogo si udhuru. Nchini Marekani, kanuni ya mwaka 1998 iliyatambua magari ya magurudumu manne yenye mwendo wa juu unaozidi kilometa 32 na usiopita kilometa 40 kwa saa. Hayakusamehewa, bali yaliwekewa daraja lake: yawe na taa, vioo, mikanda na breki ya kuegeshea.

Anayekusudia kununua chombo cha umeme anashauriwa kuzingatia haya:

1. Adai hati za ushuru wa forodha na za mauzo, na ahakikishe namba ya chesisi iliyoandikwa humo ndiyo iliyogongwa kwenye chombo. Chombo hiki hakina ujazo wa injini. Basi atake pia maandishi yanayoonyesha nguvu ya mota.

2. Akiwa na namba yake ya mlipa kodi, akisajili Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA), apewe kadi na kibao cha namba.

3. Akate bima, walau ile ya kuwafidia watu wengine, ambayo ni ya lazima kisheria.

4. Akitaka kubeba abiria kwa malipo, apate leseni ya LATRA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019. Dereva naye awe na leseni ya daraja linalostahili.

Baadhi ya watu husema ada ya magari imekwisha futwa. Kilichofutwa mwaka 2017 ni ada ya kila mwaka, usajili haukufutwa.

Faida ya namba si ya Serikali peke yake. Mama muuza mboga akigongwa kando ya barabara, namba ndiyo inayomwonyesha mwenye chombo, na bima ndiyo inayomlipia matibabu. Chombo kisicho namba kikimkimbia, atamdai nani?

Mwenye shaka na aulize katika ofisi ya TRA iliyo karibu naye kabla ya kutoa fedha zake, si baada.