Mtabiri wa uchumi naye apimwe

Mwanafunzi wangu aliniuliza: baba yake auze kiwanja aongeze mtaji wa duka, kwa kuwa wataalamu wametabiri uchumi utakua?

Nilimrejesha darasani. Kabla ya kuikubali hadithi, tunapima ukweli na hifdhi ya mpokezi. Mtabiri naye apimwe kwa aliyokwisha kuyasema.

Aprili 2008, Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) lilitabiri uchumi wa dunia ungekua kwa asilimia 3.8 mwaka 2009. Mwaka ulipofika, ukasinyaa. Mchumi Prakash Loungani alichunguza midororo 60 ya miaka ya 1990. Miwili tu ndiyo iliyotabiriwa mwaka mmoja kabla.

Tusiwadharau wataalamu. Tuandike walilotabiri na tarehe yake, kisha tulinganishe na matokeo. Kiwanja kisiuzwe kwa utabiri pekee. Ghaibu anaijua Allah.