Mahindi ya miezi mitano kwenye vuli ya miezi mitatu

Barua zinazofika Januari zinafanana: mvua imekatika, mahindi ndiyo kwanza yanatoa mbelewele, je, yatapona? Nyingi hutoka ukanda wa misimu miwili, Kilimanjaro na Tanga. Jibu ni kwamba sehemu kubwa haiponi, na hasara yenyewe ilianzia dukani mwezi Oktoba.

Vuli huanza Oktoba na kuishia Desemba. Mbegu ya muda mrefu iliyopandwa Novemba huchanua kiangazi kimeshaingia. Mahindi machanga huvumilia kiu kidogo. Yakikosa maji wakati wa kuchanua, ndevu huchelewa kutoka, chavua huwa imeshakufa, na gunzi hutoka na mapengo, punje tano hapa, tatu kule.

Kosa hili halifi kwa sababu kuna miaka linalipa. Mwaka 1997 El Niño ilikutana na joto la maji upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi, na vuli ikaendelea hadi Januari. Mwaka 2019 ikawa vilevile, bila El Niño ya maana: joto la bahari hiyo peke yake lilitosha. Waliopanda mbegu ndefu walijaza maghala, na mpaka leo wanasimulia.

Wasichosimulia ni 2015, El Niño ilipokuwa kali na mvua ya 1997 ikangojwa bure. Kuanzia 2020 La Niña ikakaa miaka mitatu mfululizo. Mwishoni mwa 2022 Mto Ruvu ulipungua hadi Dar es Salaam ikapewa maji kwa mgawo. Vuli iliyofuata ikaleta mafuriko. Anayechagua mbegu kwa kutazama mvua ya mwaka jana anacheza bahati nasibu.

Wauza pembejeo wanalijua hilo. Mwenye mifuko iliyobaki tangu masika humwambia mteja kwamba mwaka huu ni wa mvua, achukue ile ya gunzi kubwa. Hajasoma utabiri wowote. Ana stoo ya kumaliza.

Utabiri wa vuli wa Mamlaka ya Hali ya Hewa hutaja, kanda kwa kanda, mvua zitaanza lini na kuisha lini. Wengi husoma tarehe ya kuanza tu. Mkulima ahesabu kurudi nyuma kutoka ile ya kuisha, na mara nyingi atajikuta kwenye mbegu ya siku 90 hivi, kama Katumani ya kule Machakos, au kwenye choroko na kunde. Walanguzi huidharau Katumani kwa udogo wa gunzi, lakini debe halipimi gunzi.

Manyunyu ya siku moja nayo si mvua ya kupandia. Jembe lichimbe: udongo ukifinyangika mkononi hadi kina cha sentimita 15 hivi, mbegu iingie, ukiwa vumbi chini ya vidole viwili, isubiri.